Mzazi asipoweza tena kusimamia fedha zake: namna ya kuwa mwakilishi wa malipo ya Social Security nchini Marekani

Maswali haya huulizwa kila mara na familia za Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaoishi Marekani. Mama amepata kiharusi, au baba ameanza kusahau hata nyumba anayoishi, au kaka ana ulemavu wa akili tangu utotoni, na malipo ya serikali yanaingia kila mwezi bila mtu wa kuyasimamia. Je, mtoto mkubwa anaweza kuyachukua tu na kuyatumia kwa ajili ya mzazi wake? Je, hati ya mamlaka ya kisheria, ile power of attorney iliyogongwa muhuri na mthibitishaji, inatosha? Je, ndugu aliyebaki Bukavu au Kigoma anaweza kutumiwa sehemu ya fedha hizo?

Nimekuwa mwakilishi wa mama yangu mzazi kwa miaka kadhaa, na nimeandika mwongozo huu ili mwingine asipite nilikopita mimi kwa kubahatisha. Unahusu malipo yanayotolewa na Social Security Administration pekee, yaani ya uzeeni, ya ulemavu, ya warithi wa marehemu, na yale ya SSI ambayo hupewa wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Mtu anayeteuliwa na ofisi hiyo kuyapokea kwa niaba ya mwingine huitwa representative payee. Hapa nitamwita mwakilishi, na yule anayewakilishwa nitamwita mwenye fedha, kwa sababu fedha zinabaki kuwa zake hata siku asipoweza kuzihesabu.

Yaeleweke mapema mambo mawili. Kwanza, hati ya power of attorney haitambuliwi na Social Security kwa kazi hii, wala kuandikwa jina lako kwenye akaunti ya mzazi hakukupi mamlaka juu ya malipo hayo, na hata mlezi aliyeteuliwa na mahakama hulazimika kuomba uwakilishi kama watu wengine. Pili, uwakilishi huu una mipaka: haukupi haki ya kuamua matibabu ya mwenye fedha, kuuza mali yake, wala kugusa pensheni yake nyingine. Kwa mambo hayo mnahitaji hati nyingine au amri ya mahakama ya jimbo lenu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tayarisha kitambulisho chako na namba yako ya Social Security, namba ya mwenye fedha, anwani zenu wote wawili na maelezo ya kipato chako. Andika jina na simu ya daktari anayemtibu, kwa sababu ofisi inaweza kumtumia fomu SSA-787 ambayo daktari hueleza ndani yake kama mgonjwa anaweza kusimamia malipo yake au la. Ikiwa mahakama imekwisha kumteua mlezi, uwe na nakala ya amri hiyo. Nunua pia daftari moja gumu na bahasha kubwa 12, moja kwa kila mwezi. Matumizi yake utayaona katika hatua ya saba.

Hatua za kufuata

1. Hakikisha kwamba anahitaji mwakilishi. Hapa ndipo familia zetu hukosea mwanzoni kabisa. Kutojua Kiingereza si kukosa uwezo. Kutojua kusoma si kukosa uwezo, na kuwa kwenye kiti cha magurudumu hakumwondolei mtu akili ya kupanga fedha zake. Mzee anayejua kodi ya nyumba ni kiasi gani, anayekumbuka kuilipa, na anayeweza kukataa anapoombwa fedha na mtu asiyemwamini, anahitaji mkalimani na kijana wa kumpeleka benki, hahitaji mtu wa kupokea fedha kwa niaba yake. Uwakilishi ni kwa yule ambaye, hata akielezwa kwa Kiswahili, Kinyamulenge au Kirundi taratibu na kwa upole, hawezi kuelewa au kusimamia matumizi ya kumtosheleza chakula na malazi. Kumwondolea mtu mzima mamlaka juu ya fedha zake ni jambo zito, na wapo wazee waliovukishwa mpaka na vita, wakajenga upya maisha yao, kisha wakanyang'anywa hata hiki kwa sababu tu mtoto aliona ni rahisi zaidi kwake.

2. Zungumza naye, kisha na ndugu. Mweleze kwa lugha yake kwamba unakusudia kuomba, na usikilize anavyotaka. Kama bado ana uwezo na mnaona ugonjwa unakuja, sheria inamruhusu, tangu 2020, kuwataja mapema mpaka watu watatu ambao angependa mmoja wao awe mwakilishi wake siku itakapohitajika. Hili lifanyeni mapema, maana linapunguza ugomvi wa ndugu baadaye.

3. Panga miadi na uombe mkalimani. Piga simu 1-800-772-1213 au ofisi iliyo karibu nawe. Ofisi hutoa mkalimani bila malipo, naye anaweza kusaidia kwa njia ya simu. Usimtumie mtoto wa shule kutafsiri mambo haya. Ni maneno ya kisheria, na mtoto hapaswi kubebeshwa siri za fedha za babu yake.

4. Jaza fomu SSA-11 katika mahojiano. Kwa kawaida afisa atataka kukuona ana kwa ana. Atakuuliza una uhusiano gani na mwenye fedha, anaishi na nani, unamwona mara ngapi, wewe unaishi kwa kipato gani, na utajuaje mahitaji yake. Watachunguza pia rekodi yako ya makosa ya jinai, kwani baadhi ya makosa makubwa humzuia mtu kuwa mwakilishi. Mtu ambaye yeye mwenyewe ana mwakilishi hawezi kumwakilisha mwingine, na kwa kawaida anayemdai mwenye fedha naye hukataliwa, isipokuwa katika hali chache kama ile ya ndugu anayeishi naye nyumba moja. Jibu ukweli mtupu. Kama unafanya kazi zamu mbili na dada yako ndiye anayeshinda na mama nyumbani, huenda dada ndiye anayestahili kuomba, hata kama wewe ndiye mwenye Kiingereza kizuri.

5. Subiri barua na uisome yote. Mwenye fedha ataandikiwa taarifa ya uamuzi, na ana siku 60 za kukata rufaa akipinga kwamba anahitaji mwakilishi au akipinga mtu aliyechaguliwa. Msomee barua hiyo. Usiifiche.

6. Fungua akaunti ya peke yake. Hatua hii ndiyo inayowaingiza wengi matatani, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Malipo hayapaswi kuingia katika akaunti yako binafsi, wala katika akaunti ya pamoja ya wewe na mzazi, hata kama mmeitumia miaka kumi bila tatizo. Nenda benki au chama cha mikopo chenye bima ya serikali ukiwa na barua ya uteuzi, na umwambie karani wazi kwamba unataka akaunti ya representative payee. Jina la akaunti lionyeshe kwamba fedha ni za mzazi na wewe ni msimamizi tu, yaani liandikwe jina la mzazi, kisha neno by, kisha jina lako na maneno representative payee. Mwenye fedha hapaswi kuwa na kadi ya akaunti hiyo wala uwezo wa kutoa fedha humo moja kwa moja. Anachohitaji mkononi utampa wewe.

Makarani wengine hawaifahamu aina hii ya akaunti. Mimi niliambiwa na karani wa benki moja kwamba akaunti ya pamoja "ni kitu kilekile", nikakubali kwa sababu nilikuwa nimechoka na mama alikuwa akinisubiri garini. Ilinichukua miezi mitatu kutenganisha fedha zake na zangu, senti kwa senti, ili nieleze kila kilichotumika. Karani akikwambia hivyo, omba kuonana na meneja, au nenda benki nyingine. Akaunti ikipatikana, ipe Social Security namba yake ili malipo yaingie moja kwa moja.

7. Tumia kwa utaratibu unaotakiwa, na uandike. Cha kwanza ni mahitaji ya sasa ya mwenye fedha: malazi, chakula, umeme na maji, matibabu na meno yasiyolipwa na bima, nguo, na matumizi yake binafsi. Yakishatimizwa, unaweza kununua vitu vya kumrahisishia maisha, kama godoro zuri au kiti cha kuogea. Madeni yake ya zamani yanaweza kulipwa ikiwa tu mahitaji ya sasa na yale yanayotarajiwa karibuni yametoshelezwa. Kinachobaki kiwekwe akiba kwa jina lake, na faida yoyote inayozaliwa na akiba hiyo ni yake.

Kama mzazi anaishi nyumbani kwako, ni halali achangie sehemu yake ya haki ya kodi na gharama za nyumba. Chukua kodi, umeme, maji na chakula cha nyumba nzima, gawanya kwa idadi ya watu, uandike hesabu hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa anayepokea SSI, kukaa bure kabisa kunaweza kuyapunguza malipo yake, kwa hiyo mtoto anayekataa mchango wa mzazi kwa heshima anaweza kumpunguzia kipato bila kujua.

Usisahau matumizi binafsi. Mama yangu hakuweza tena kutofautisha noti ya dola 1 na ya dola 20, lakini kila Ijumaa nilimpa noti tano za dola 1, naye alizikunja ndogo ndogo na kuzifunga kwenye pindo la kanga yake kama alivyofanya maisha yake yote. Jumapili alifungua fundo, akatoa moja kwenye kapu la sadaka. Niliandika daftarini: "Matumizi yake mkononi, dola 5." Ofisi haikuniuliza kamwe juu ya fedha hizo, na sidhani kuna fedha nyingine niliyoitumia vizuri zaidi.

Kila risiti itie kwenye bahasha ya mwezi wake. Daftarini andika tarehe, kiasi, kilichonunuliwa na kilichobaki. Ukinunua vyakula vyake pamoja na vyako, mwambie mwenye duka apige risiti mbili. Kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka miwili. Malipo kwa hundi au kwa kadi ya akaunti ni bora kuliko kutoa fedha taslimu mashineni, kwa sababu taslimu haiachi alama.

8. Toa taarifa ya kila badiliko. Ofisi inapaswa kuelezwa mwenye fedha anapohama, anapolazwa au kuingia nyumba ya kutunzia wazee, anapofungwa, anapoanza kazi, anapooa au kuolewa, anapotengana, anaposafiri nje ya nchi, na anapofariki. Kwa SSI mwambie afisa pia kila badiliko la kipato, mali na watu wanaoishi naye nyumbani, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata badiliko hilo kupita. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe, na uombe stakabadhi ya taarifa yako.

9. Jaza ripoti ya mwaka. Fomu hutumwa kwa posta, na unaweza pia kuijaza kwa intaneti. Inauliza kiasi kilichotumika kwa chakula na malazi, kiasi kilichotumika kwa mambo mengine kama nguo, matibabu na burudani, na kiasi kilichowekwa akiba. Mwenye daftari huijaza kwa nusu saa. Tangu sheria ya 2018, wenzi wa ndoa hawadaiwi ripoti hii, wala wazazi wanaoishi na mtoto wao mtu mzima mwenye ulemavu, ingawa wote wanatakiwa kutunza kumbukumbu. Mtoto anayemwakilisha mzazi hajasamehewa.

Kutuma fedha nyumbani

Nimelitenga jambo hili kwa sababu ndilo linaloumiza mioyo. Katika desturi zetu, fedha ya mzee ni mkono wa ukoo mzima: kuna ada za shule za wajukuu, kuna msiba, kuna shangazi mgonjwa. Sheria haitazami hivyo. Kwa malipo ya kawaida ya Social Security, mwakilishi anaruhusiwa kutumia sehemu kumsaidia mke au mume, mtoto, au mzazi wa mwenye fedha ambaye kisheria anamtegemea, lakini ni baada ya mahitaji ya mwenye fedha mwenyewe kutoshelezwa. Shangazi, binamu na michango ya harusi hawamo. SSI ni tofauti, kwa kuwa imekadiriwa kwa mahitaji ya huyo mtu mmoja tu, kwa hiyo usitume chochote kutoka humo kabla ya kuuliza ofisi. Ndugu wa nyumbani wakikulaumu, waeleze kwamba fedha hizi si zako kuzitoa. Nilimsomea mjomba wangu maelezo haya kwenye simu, neno kwa neno, na baada ya hapo lawama zilipungua.

Safari nazo ziangaliwe. Mpokeaji wa SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo au zaidi, malipo husimama, na hayarudi mpaka awe amerejea na kukaa nchini siku 30 mfululizo. Mzee akitaka kwenda kuzika ndugu yake Uvira, panga tarehe za tiketi ukijua hili.

Makosa yanayojirudia

Kujilipa mshahara ni kosa. Mwakilishi ambaye ni mtu binafsi haruhusiwi kuchukua ada kwa kazi hii, ingawa unaweza kujirudishia ulichotumia mfukoni mwako kwa ajili yake, kama nauli ya kumpeleka hospitali, ukiwa na ushahidi. Kukopa kutoka akaunti yake "mpaka mwisho wa mwezi" ni kosa pia, hata ukirudisha yote. Matumizi mabaya ya fedha hizi hudaiwa na yanaweza kumfikisha mtu gerezani.

Kosa jingine ni kulimbikiza akiba bila kuangalia kikomo. Anayepokea SSI haruhusiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000, au dola 3,000 kwa wanandoa, na viwango hivi havijapanda tangu 1989. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Mwakilishi anayebana matumizi kwa nia njema anaweza kujikuta akiba imefika dola 2,300 na malipo yamesimamishwa, huku mzazi akivaa viatu vilivyotoboka. Angalia salio kila mwisho wa mwezi.

Mambo yakikwama

Malimbikizo makubwa yameingia ghafla. Malimbikizo ya SSI, yaani malipo ya miezi ya nyuma yanayolipwa kwa pamoja, hayahesabiwi kama mali kwa miezi tisa baada ya kupokelewa. Tumia muda huo kununua anavyohitaji kweli. Kwa mtu ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya umri wa miaka 46, uliza kuhusu akaunti ya ABLE, ambayo ni akaunti maalumu ya akiba ya watu wenye ulemavu. Umri huo ulikuwa 26 mpaka mwisho wa 2025, na akiba iliyomo mpaka dola 100,000 haihesabiwi na SSI.

Umepokea barua kwamba amelipwa zaidi ya haki yake. Usiitupe, wala usikimbilie kulipa. Una siku 60 za kukata rufaa, na ukiwahi ndani ya siku 30 za mwanzo kwa kawaida makato hayaanzi kabla ya uamuzi. Ikiwa kosa si lake na kurejesha kutamtia dhiki, mnaweza pia kuomba asamehewe deni. Hapa daftari litakuokoa.

Ndugu wanakutuhumu. Waonyeshe daftari na bahasha kabla hawajaenda ofisini, na wakienda, waache waende. Mashirika ya kutetea haki za walemavu katika kila jimbo hutumwa kukagua wawakilishi, na ukaguzi wa mtu mwenye kumbukumbu hauna la kuogopesha.

Hali yake imeimarika. Mtu aliyepona kiharusi anaweza kuomba apokee mwenyewe, kwa kupeleka maelezo ya daktari au ushahidi mwingine. Msaidie kuomba.

Umeshindwa kuendelea. Iarifu ofisi kabla ya kuacha. Akiba iliyobaki hupelekwa Social Security au kwa mwakilishi mpya kama watakavyoelekeza. Usimkabidhi mwenye fedha mkononi.

Amefariki. Kazi yako inakoma siku hiyo. Malipo ya kawaida ya Social Security hulipwa mwezi unaofuata, na hakuna malipo kwa mwezi wa kifo, kwa hiyo akifariki Juni, yatakayoingia Julai lazima yarudishwe. SSI ya mwezi aliofariki ni halali yake, ya mwezi unaofuata si halali. Akiba iliyobaki ni ya mirathi yake na hukabidhiwa msimamizi wa mirathi, wala mwakilishi hana mamlaka ya kuichukua kwa ajili ya mazishi, hata kama jeneza linasubiri kulipiwa. Ndiyo maana ni vyema, angali hai, kumtengea fedha za mazishi mpaka dola 1,500 katika akaunti yake tofauti yenye jina hilo, ambazo SSI haizihesabu, na kumlipia kaburi, ambalo nalo halihesabiwi. Muulize anataka kuzikwa wapi wakati bado anaweza kujibu, na uandike jibu lake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari.